Kiti cha Guka Mlangoni

Guka,

Nimekosa mahali pa kupeleka hii barua. Watu wa kwetu wakifa tunajua walipo. Kuna udongo, kuna msalaba wa mbao, unaenda unasimama pale unaongea peke yako na hakuna mtu wa kukushangaa. Wewe walikuchoma, kama desturi yenu Masingasinga. Nilisimama nyuma kabisa, kitambaa cha rangi ya chungwa kichwani, nikaona moshi unapanda, nikasema basi, huyu mzee ameamua kunikwepa mpaka mwisho. Baadaye mpwa wako Harjit akanipigia simu kuniambia majivu yamepelekwa mtoni. Akanitajia na jina la mto. Nilikuwa nimelala chali, machozi yalikuwa yameniingia masikioni, sikulishika hilo jina. Usicheke. Machozi huingia masikioni, jaribu siku moja uone...

Ona sasa. Nimeanza vibaya. Nakuambia ujaribu.

Acha nijisifu kidogo kwanza, maana usiponisikia nikijisifu utadhani ni mtu mwingine anaandika. Guka, mkono wangu sasa umenyooka. Mshono wangu ukiutazama utadhani umepigwa rula. Juzi Mama Shiko wa shanga alichukua mkanda wa mbwa mezani, akaugeuza huku na huku, akasema, "Huu si ni wa marehemu?" Nikamwambia huo ni wa kijana mtanashati aliye mbele yako. Ni kweli hakuwa amevaa miwani yake. Lakini alisema, na mashahidi wapo.

Unakumbuka siku niliyokuja? Korona ilikuwa imefunga shule nikiwa fomu tuu, kidato cha pili, na waliposema zimefunguliwa tena, nyumbani hakukuwa na mtu wa kusema nirudi. Nikafika hapo karakana yenu, mtaa wa Satellite, na mfuko wa plastiki na uongo mwingi. Nikasema najua kushona kila kitu: viatu, mikoba, viti vya gari, hata tandiko la farasi, na farasi sijawahi kumwona ila kwenye runinga. Ukanitazama kutoka kwenye kilemba chako cha bluu mpaka kwenye ndala zangu. Ukanipa sindano mbili na uzi mmoja. Nikauliza, uzi mmoja sindano mbili, kwani moja ni ya spea? Ukacheka mpaka ukakohoa. Halafu nikajidunga, damu ikadondoka kwenye ngozi, na ukaniambia, "Wewe! Hii ngozi ya mtu, damu peleka kwenu." Jioni ukanipa jina. "Mikono bado. Mdomo tayari." Tangu siku hiyo mimi ni Mdomo, na jina langu la kanisani hata Bosi Karis hulisahau.

Na mimi nikakupa lako. Wengine walikuita Mzee Singh, au Fundi. Nilipokuita Guka, kama vile watoto wa hapa wanavyowaita babu zao, nilitaka kukuchokoza tu. Ukageuka ukanijibu kwa Kikikuyu safi, Kikikuyu cha Gikambura, cha watu wanaouza maziwa alfajiri, na ukanitukana kwa heshima sana. Kumbe ulizaliwa huko. Karakana nzima ilicheka. Nilikuwa nimepatikana, na nilipenda.

Sijui kama niliwahi kukwambia kwamba nilijua kuhusu ile nusu.

Wakati ule wa korona, wateja wa ng'ambo walikuwa wamekatisha oda. Mikanda ya mbwa ilikuwa imejaa magunia, shanga zimeshonwa vizuri, nyekundu na nyeupe na buluu, na hakuna ndege ya kuipeleka. Mama Shiko ndiye aliyenisimulia. Bosi alitaka kuwarudisha nyumbani wamama wa shanga wabaki mafundi wa ngozi peke yao. Ukasema hapana. "Kama kazi iko nusu, kila mtu akule nusu." Kila mmoja akawa anakuja siku zake na kubaki nyumbani siku zake, hakuna aliyeachwa nje ya geti. Halafu mimi nikaja, mtu ambaye hakuitwa na yeyote, na kazi ya kunipa haikuwepo. Ukakata nusu yako tena ukanipa mimi. Uliniambia eti umechoka, umezeeka, unataka mtu wa kukusaidia. Mzee muongo wewe. Hukuwa umechoka. Ulikuwa unakaa nyumbani unakula ndengu bila chapati ili mimi nijifunze kutia uzi.

Na yale magunia! Si ulienda ukamvalisha kila mbwa wa Satellite mkanda? Mbwa koko wenye upele, wale wa kulala jaani nyuma ya bucha, wakawa wanatembea na shanga shingoni kama mabwana harusi. Bosi alishika kichwa. Ukamwambia, "Hii sasa matangazo."

Sasa nikuambie yaliyotokea baada yako. Kaa. Yaani, tulia.

Lazima nianze na kiti, kwa sababu mambo yote yalianza na kiti.

Kile kigoda chako cha ngozi ya ng'ombe kilikuwa mlangoni miaka yote, mguu mmoja ndani, mingine barabarani karibu. Kila mtu aliyeingia alikuruka. Ulishonea hapo, ukala hapo, ukasalimia dunia nzima kutoka hapo: mama wa mahindi choma ng'ambo ya barabara, watoto wa shule, yule mhubiri mwenye spika iliyopasuka. Bosi Karis akilalamika, "Mzee, unaziba njia," ulimjibu, "Mimi iko mzee, nataka jua." Hata ikinyesha ulikuwa unataka jua. Sisi tulijua sababu, ama tulifikiri tunaijua. Mama Shiko alisema Guka anakagua wasichana wanaoenda sokoni Kawangware. Ulisema, "Macho hailipi kodi," na ukaendelea kushona.

Na kila Jumamosi ulichukua kitambaa na ile nta yako iliyochanganywa na mafuta ya ngozi, ukapaka bawaba za mlango. Nilikucheka sana kwa hilo. Mlango usiofungwa hata siku moja mchana, unapakwa mafuta wa nini? Ukaniambia nifunge mdomo, halafu ukakumbuka jina langu, ukacheka peke yako.

Halafu ukalazwa. Ile hospitali kubwa, huko karibu na Upper Hill. Nilikuwa nakuja kila nikipata nafasi, na ndizi ambazo hukula. Vidole vyako havikutulia, Guka. Vilikuwa vinashona blanketi, sindano mbili ambazo hazikuwepo, unavuta mkono huu na huu, unavuta. Nilikuambia, "Guka, hiyo blanketi ya serikali, wacha." Ukatabasamu upande mmoja. Siku ya mwisho nilipokuona ukiwa na akili zako, ulinishika mkono kwa ule mkono wa bangili ya chuma, ukaniuliza, "Nani iko mlangoni?"

Nikajibu upuzi. Nikasema, "Hakuna mtu, Guka, usijali. Kiti chako hakuna wa kukigusa." Nilidhani unaogopa kukaliwa. Nilidhani nimekufurahisha. Ukafumba macho, na mimi nikaona umeridhika, nikaenda zangu.

Hakuna mtu. Hayo ndiyo maneno niliyokupa uende nayo.

Tulipokuzika, samahani, tulipokusindikiza, tulirudi karakana na Bosi Karis akasema kwa upole, na alikuwa amelia, nisimwonee, akasema, "Kiti cha mzee kisikaliwe na mtu." Tukaona ni heshima. Otis, yule mkataji wetu wa ngozi asiyeongea, alikibeba kwa mikono miwili kama sahani ya sadaka, akakiweka stoo pamoja na aproni yako. Mlango ukabaki bila kitu. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza niliona kwamba unaweza kufungwa mchana.

Halafu shida ya meli ikaja. Unajua hatukuwahi kujali meli sisi. Bahari yenyewe naiona kwenye kalenda. Lakini kukawa na vita huko njiani, meli zikaogopa kupita, zikaanza kuzunguka bara lote la Afrika, na ngozi yetu ilikuwa imekaa kwenye kontena pamoja na vile vyuma vya mikanda vinavyotoka nje. Vikachelewa. Vilipofika, mteja, yule mama wa ng'ambo mwenye maduka ya vitu vya mbwa, hakusogeza tarehe yake hata kidogo. Mikanda yote iwe tayari, ipande ndege, la sivyo oda inakufa. Bosi alianza kutembea huku na huku kama kuku anayetafuta pa kutagia. "Wenye mbwa hawasubiri," alikuwa anasema. Nilikumbuka jibu lako. Kila Bosi akiharakisha watu ulikuwa unamuuliza pole pole, bila kuinua macho, "Mbwa iko haraka kwenda wapi?" Na kila mtu alikuwa anacheka, na Bosi pia, na haraka inapungua kidogo. Sasa hapakuwa na wa kuuliza.

Akaanza kuondoa chai. Kisha akasema watu wanatoka sana, vyuma vinapotea, wakati unapotea. Asubuhi moja tumeingia, tumekaa, tukasikia mlango unavutwa nyuma yetu, halafu kufuli. Kwa nje. Bosi akasema kupitia kile kidirisha cha waya kilicho juu, "Mkitaka choo pigeni mlango, niko hapa. Ni kwa hii oda tu."

Guka, nitakuambia ukweli ingawa unaniaibisha. Hakuna aliyesema kitu. Hata mimi. Mimi, Mdomo. Nilicheka tu, nikasema leo tumekuwa kuku wa gredi, wa kufungiwa bandani. Tulihitaji hiyo oda. Tulijua ikifa, na sisi kazi imekufa. Mtu akiogopa kazi yake, kufuli analiona kama kitu cha kawaida kwa haraka sana.

Lakini ile gundi. Ulikuwa unasema gundi inataka mlango. Mlango umefungwa, jua limepanda juu ya mabati, harufu ikawa kitu cha kushika kwa mkono. Macho yanawasha, ulimi una ladha ya tairi. Na aliyekuwa anapaka gundi ni Nafula. Unamkumbuka, yule wa kuimba nyimbo za kwaya akiwa amekosea maneno. Alikuwa na mimba wakati huo, tumbo lilikuwa limeshamtangulia. Akaacha kuimba. Akasema, "Mimi naona kizunguzungu," na akaweka kichwa mezani taratibu sana, kama mtoto darasani.

Mama Shiko akapiga mlango. Akapiga kwa kiganja, halafu kwa kiatu. Hakuna Bosi. Tukampigia simu, inaita tu. Baadaye tulijua alikuwa ameitwa benki Upper Hill kuhusu hiyo hiyo oda, na simu alikuwa ameizima sauti ili aonekane mtu wa maana. Ufunguo alikuwa nao mfukoni. Mama Shiko akaita dirishani, mama wa mahindi akaja mbio, lakini kufuli ni kufuli, atalifungua na nini, gunzi?

Nilikaa nikaangalia ule mlango. Sijui nini kilinifanya niangalie upande usio na kufuli. Mlango wetu unafunguka kwa ndani, kwa hivyo zile bawaba ziko upande wetu, na kila moja ina pini yake inayoishikilia. Nikachukua ule msumari wako wa kutobolea ngozi, na nyundo yako, hiyo nyundo ambayo ulisema nikiigusa utanikata masikio. Nikamwambia Otis ashike mlango. Nikaweka msumari chini ya pini, nikajiandaa kupiga mpaka mkono unyauke, maana kila mlango wa Nairobi una kutu kama chuma cha baharini.

Guka, ilitoka kama jino la maziwa.

Nilipiga mara moja tu. Pini ikaruka, ikadondoka mguuni kwangu, inang'aa, imejaa mafuta. Nikaiokota. Ilikuwa inanuka wewe. Nta na ngozi na ile tumbaku uliyokuwa unasema hutumii. Nilisimama pale na pini mkononi na Mama Shiko ananipigia kelele, "Mdomo, unalala? Toa ya pili!"

Kwani ulijua? Nimejiuliza sana hilo. Zile Jumamosi zote, na kile kiti ambacho hakikusogea hata kwa mvua. Harjit aliniambia tu kwamba ulipokuwa kijana ulifanya kazi kiwanda fulani huko Industrial Area, na kwamba uliondoka huko hutaki kukitaja tena. Zaidi ya hapo hajui. Labda ulijua. Labda ulikuwa tu mzee wa kupenda jua na wasichana na kupaka mafuta kila kitu, maana hata magurudumu ya mkokoteni wa mama wa mahindi ulikuwa unayapaka. Siwezi kukuuliza. Lakini najua tulikuruka miguu miaka yote hiyo, na hakuna aliyeweza kutufungia ukiwa umekaa pale.

Otis akavuta mlango upande wetu kwa nguvu, bati la kufuli likang'oka mlangoni, na mlango ukatoka. Kufuli likabaki limeshikilia kwa nje, kaidi, linaning'inia kwenye bati lisilofunga kitu. Hewa ikaingia. Sijawahi kuonja hewa ya Satellite ikiwa tamu hivyo, na unajua ile bucha. Tukamtoa Nafula. Mama wa mahindi akauliza, "Mbona mmeng'oa mlango, kuna moto?" Mama Shiko akamjibu, "Bado. Moto ukija utukute nje."

Hapakuwa na pa kumkalisha. Otis akaingia stoo, akatoka na kigoda chako. Sote tukatazamana. Halafu Nafula akakalia. Nisamehe kama ulikuwa na maoni tofauti, lakini nadhani hukuwa nayo. Mama wa mahindi akamletea uji, na tulipoona rangi inarudi usoni na ameanza tena kuimba vibaya, mimi nikakaa juu ya mlango uliolala chini na nikaibana ile pini kiganjani kwa mikono yote miwili. Sikutaka waone. Nikaanza kuwaambia kwamba mimi ningeweza kung'oa hata geti la Ikulu.

Bosi akarudi. Akaona mlango, akaona sisi tumeukalia kama mkeka wa pikiniki.

"Nani?" akauliza.

"Mimi, bosi," nikasema. "Na kile kidirisha nakiangalia pia."

"Umefutwa kazi. Sasa hivi. Chukua vitu vyako."

Hapo ndipo Mama Shiko akavua aproni yake. Aliikunja mara mbili, vizuri, kama anakunja nguo ya mtoto, akaiweka juu ya mlango. Otis akaweka kisu chake cha ngozi juu ya ile aproni. Halafu wamama wa shanga, mmoja mmoja. Hakuna aliyepiga kelele. Mama Shiko akasema, "Karis, baba, mimi nimekuja hapa kushona. Ukitaka vitu vya kufungia, nenda Dagoretti machinjioni, kuna mbuzi. Mbuzi ndio hufungiwa wakingoja. Sisi hatungojei kuchinjwa."

Nilidhani atapiga mtu. Badala yake aliketi, kwenye kona ya mlango, na suti yake ya benki. Akasema hii oda ikikataliwa anafunga karakana, tunajua hivyo? Tulijua. Akasema hakufikiria atachelewa. Akamtazama Nafula kwenye kiti chako, akatazama kufuli, na nikaona limemwingia. Akasema, "Mzee angeniambia nini?" Sote tulikuwa tunasikia sauti yako.

Hapo hapo simu yake ikaita. Ni yule mama wa mbwa, simu ya video, anataka kuona kazi imefika wapi. Bosi akataka kuikata. Mama Shiko akasema, "Pokea." Akapokea. Mama mwenyewe ana nywele nyeupe na mbwa nyuma yake kwenye kochi, amelala miguu juu, amevaa mkanda wetu! Akauliza kwa Kiingereza kinachokimbia kama mikanda yote itamalizika. Bosi akaanza kutafuta kitu mifukoni. Basi mimi nikaingiza uso wangu kwenye simu. Unajua Kiingereza changu ni cha fomu tuu, tena fomu tuu ya nusu. Nikamuuliza swali lako, neno kwa neno, nikionyesha kochi kwa kidole: "Madam, huyo mbwa ana haraka ya kwenda wapi?"

Akacheka. Mbwa akageuka upande wa pili. Halafu akaona kitu nyuma yangu, akaacha kucheka, akauliza kwa nini mlango uko chini na yule dada ana nini. Nikamtazama Bosi. Ningesema mimi, ulimi ulikuwa tayari. Lakini Bosi akachukua simu, Guka, na akasema mwenyewe, "Nilikuwa nimewafungia ndani. Kwa sababu ya tarehe yako. Na kwa sababu yangu."

Nampa heshima kwa hilo. Hakulazimishwa.

Yule mama alikaa kwenye kochi kando ya mbwa wake. Kisha akasema tarehe ni yake, aliiweka kwa kuwaogopa wenye maduka, hakuwahi kuuliza inatufikia vipi huku. Akasema ataongea nao. Usidhani ilikuwa sinema. Duka moja lilikataa kungoja, na oda ikarudi nusu. Nusu, Guka. Bosi alipotuambia alikuwa anaangalia viatu vyake, na kabla hajataja ni nani atabaki nyumbani, wamama wa shanga wakasema kwa pamoja, kama waliokuwa wamepanga, "Kila mtu akule nusu." Kwa lafudhi yako kabisa. Hata Otis alisema. Hata mimi ambaye sikuwepo ulipoyasema mara ya kwanza, mimi niliyekula nusu ya nusu yako.

Kwa hivyo imekuwa hivyo tena. Siku zingine nakuja, siku zingine nabaki nyumbani nakula ndengu bila chapati nikikuwaza. Sijafutwa. Nafula alijifungua msichana, nafasi yake ilikaa ikimngoja na sasa amerudi, na gundi tunapaka kwa zamu, nje, chini ya turubai. Mtoto hakuitwa Singh, usijipe moyo. Lakini ana kelele kama zako.

Mlango tumeurudisha, maana wezi wa Satellite hawajaokoka. Kufuli jioni linafungwa wote tukiwa nje, na asubuhi linawekwa chini ya kiti. Yule mama wa mbwa ameandika kwenye masharti ya oda kwamba watu wakiwa ndani mlango uwe wazi, na oda ikichelewa kwa sababu ya njia, tarehe inasogea pamoja nayo. Ni vizuri. Bosi ameyabandika ukutani. Ila karatasi haina makalio, Guka. Haiwezi kukaa mlangoni. Lazima akae mtu.

Kiti nimekirudisha pale pale, mguu mmoja ndani na mingine karibu barabarani. Siku ya kwanza nilikikalia nikainuka mara moja, nikahisi utanipiga kofi. Halafu nikakaa tena. Jua linapiga vizuri kweli pale. Mama wa mahindi alinisalimia. Wasichana wanapita, nisikudanganye, na ninaonekana vizuri sana na sindano mbili mkononi. Watu wananiruka miguu wakilalamika. Juzi Bosi alisema, "Mdomo, unaziba njia." Nikamwambia mimi iko kijana, nataka jua. Akageuka haraka akaingia ofisini, na alikaa huko kwa muda kabla ya kutoka.

Jumamosi napaka bawaba mafuta. Nta yako inakaribia kuisha, nitauliza Harjit ulikuwa unaichanganya vipi.

Sasa nimalize, kuna mkanda unaningoja. Lala, Guka, popote ule mto ulipokufikisha. Kama kuna mbwa huko, wavalishe. Nakuahidi kitu kimoja tu, na unajua mimi huahidi vingi: siku nitakayoinuka hapa, nitakuwa nimeona kwanza ni nani anakaa. Ninamfundisha msichana mmoja, mpwa wa Mama Shiko, mbishi kuliko mimi, ukiamini hilo. Anauliza uzi mmoja sindano mbili za nini.

Na lile swali lako la hospitalini, lile nililolijibu vibaya. Niulize tena.

Ni mimi, Guka. Nimekaa.

Mdomo